Taa ndogo za LED za kujitengenezea

Taa ndogo za LED za kujitengenezea ni taa zinazoundwa kwa mkono kwa kuunganisha vidiodi vinavyotoa mwanga (LED), waya, swichi na betri. Hutumika kumulika vyumba, vibanda vya biashara na mabanda ya mifugo mahali ambapo umeme wa gridi haujafika. Makala hii inaeleza taa hizo kwa mfano wa wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoa wa Kagera, Tanzania.

Mazingira

Ngara inapakana na Rwanda na Burundi. Biharamulo iko mashariki yake. Kwa miaka mingi miji ya wilaya hizo ilipata umeme wa majenereta ya dizeli ya TANESCO, nje ya gridi ya taifa, na vijiji vingi havikuwa na umeme wowote. Mwanga wa usiku ulitoka kwenye koroboi (kibatari), taa ya chemli au moto wa jikoni.

Hali hiyo inabadilika. Kituo cha umeme wa maji cha Rusumo, kwenye mto Kagera mpakani mwa Ngara na Rwanda, kina uwezo wa megawati 80 zinazogawanywa sawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Upande wa Tanzania, umeme wake husafirishwa kwa njia ya kilovolti 220 hadi Nyakanazi, wilayani Biharamulo. Hata hivyo, njia kubwa ya umeme kupita karibu na kijiji haitoshi kuwasha taa: zinahitajika transfoma, nguzo, mita na nyaya za ndani. Nyumba iliyo mbali na nguzo inaweza kusubiri muda mrefu.

Asili ya mwanga wa LED

LED nyekundu ya kwanza iliyotoa mwanga unaoonekana ilitengenezwa na Nick Holonyak mwaka 1962 nchini Marekani. Mwanga mweupe ulichelewa kwa sababu ulihitaji LED ya buluu. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, wote wazaliwa wa Japani, walifanikisha hiyo na kupata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. LED nyeupe ya kawaida ni LED ya buluu iliyofunikwa kwa unga wa njano unaogeuza sehemu ya mwanga huo.

Bei ya LED iliposhuka, watu vijijini walianza kuzitoa kwenye tochi na viberiti vya gesi vilivyoharibika na kuzifunga ukutani au kwenye kijiti. Watafiti wameeleza taa za namna hiyo katika vijiji vya Rwanda, jirani na Ngara.

Sehemu na namna ya kuunganisha

LED hupitisha umeme upande mmoja tu. Mguu mrefu ni chanya. Mguu mfupi, ulio upande wa ukingo uliokatwa bapa, ni hasi. Ikigeuzwa haiwaki.

LED nyeupe ya milimita 5 huhitaji takriban volti 3.2 na mkondo usiozidi miliampia 20. Betri ikizidi volti hizo, mkondo hupanda haraka na LED huungua. Kwa hiyo huwekwa rezista, kifaa kidogo kinachopunguza mkondo. Ukubwa wake hupatikana kwa kanuni ya Ohm inayofundishwa katika fizikia ya sekondari: toa volti za LED kutoka volti za betri, kisha gawanya kwa mkondo katika ampia.

* Mawe matatu ya tochi (volti 4.5) na LED moja: (4.5 − 3.2) ÷ 0.02 = omu 65. Hutumika rezista ya omu 68.
* Betri ya volti 12 na LED moja: (12 − 3.2) ÷ 0.02 = omu 440. Hutumika omu 470. Karibu robo tatu ya umeme hupotea kama joto kwenye rezista.
* Betri ya volti 12 na LED tatu kwa mfululizo: (12 − 9.6) ÷ 0.02 = omu 120. Hapa asilimia 80 ya umeme hufika kwenye LED.

Betri ya volti 12 inayochajiwa na paneli ya sola inaweza kufikia volti 14.4. Kwa rezista ya omu 120, mkondo ungefika miliampia 40, mara mbili ya kiwango. Ikiwa taa huwaka wakati betri inachajiwa, omu 220 ni salama zaidi, ingawa mwanga hupungua betri ikishuka.

Kwa vyumba vinne, mafungu manne ya LED tatu huunganishwa sambamba, kila fungu na rezista yake na swichi yake. Rezista moja kwa mafungu yote haifai, kwa kuwa LED hazilingani kabisa na fungu moja huweza kubeba mkondo mkubwa kuliko mengine. Mafungu manne ya miliampia 20 hutumia miliampia 80. Betri ya ampia-saa 7, ikitumiwa nusu tu ili isiharibike mapema, huyawasha kwa saa 43 hivi.

Mwanga wa LED huumiza macho ukitazamwa moja kwa moja. Karatasi nyeupe au plastiki ya maziwa huutawanya. Mbinu hiyohiyo hutumiwa na watengenezaji wa nyumba ndogo za mfano za mtindo wa Kijapani, ambazo milango yake ya karatasi hung'aa kwa LED zilizofichwa ndani.

Usalama

Faida kubwa ya taa hizi ni kuondoa koroboi: moshi wake, hatari ya moto kwenye paa la nyasi, na mafuta ya taa ambayo watoto huweza kuyanywa yakihifadhiwa kwenye chupa ya soda.

Hatari hazijaisha. Volti 12 haziui kwa kawaida, lakini nyaya mbili zikigusana betri hutoa mkondo mkubwa unaoweza kuyeyusha plastiki na kuwasha nyasi. Fyuzi ndogo, ya ampia 1 kwa mfano, hufungwa karibu na ncha chanya ya betri. Maungio hulehemiwa na kufunikwa kwa tepu ya umeme. Betri ya simu haipaswi kuchajiwa moja kwa moja kutoka kwenye paneli, kutobolewa wala kutumiwa ikiwa imevimba. Taa hizi hazipaswi kamwe kuunganishwa na umeme wa gridi wa volti 230.

Betri zilizokwisha hazifai kutupwa shambani, kisimani wala motoni. Betri za gari na pikipiki zina risasi na asidi. Zikusanywe na kupelekwa kwa wanaozinunua kwa ajili ya kuzitumia upya.