Ngara, Pangani na Eastleigh: Mitaa ya Wahindi iliyobaki bila Wahindi

MSAFIRI anayetoka Ngoliba kwenda Nairobi hupitia mjini Thika, kisha Juja na Ruiru, na akishaipita Muthaiga huingia jijini kupitia Pangani na Ngara. Tangu barabara kuu ya Thika ilipopanuliwa na kuzinduliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki mnamo Novemba 9, 2012, safari hiyo imekuwa ya kasi, na ni wachache wanaoinua macho kutazama nyumba kuukuu za mawe zilizojificha nyuma ya vibanda vya nguo za mitumba. Anayezitazama ataona roshani zenye vyuma vya mapambo na, juu ya baadhi ya milango, jina la jengo pamoja na mwaka lilipojengwa.

Nyumba hizo zilijengwa na Wahindi kwa ajili ya Wahindi. Kwa muda wa miaka arobaini hivi, Ngara, Pangani na sehemu kubwa ya Eastleigh zilikuwa makao yao. Kulingana na sensa ya mwaka 1962, Nairobi ilikuwa na Waasia takriban 86,000, karibu theluthi moja ya wakazi wote wa jiji. Nchi nzima walikuwa zaidi ya 176,000. Kufikia sensa ya 1979 idadi hiyo ya taifa ilikuwa imeshuka hadi chini ya 80,000. Mitaa yao ilihamwa katika muda usiozidi kizazi kimoja.

Aghalabu husemwa kwamba Wahindi wa Kenya ni wazao wa vibarua waliojenga reli kati ya 1896 na 1901. Hilo ni kweli kwa sehemu tu. Vibarua walioletwa kwa mkataba walikuwa 31,983. Kati yao 2,493 walifariki kazini, na waliochagua kubaki baada ya mkataba kwisha ni 6,724. Wengine wengi walikuja baadaye kwa nauli zao wenyewe wakitafuta riziki: wauza duka kutoka Gujarat, mafundi wa mbao na chuma kutoka Punjab, na Wagoa waliokuwa makarani, washonaji na wapishi. Reli ilipofika Thika mwaka 1913, maduka yao yaliifuata, kama yalivyokuwa yameifuata Machakos Road, Nakuru na Kisumu.

Mjini Nairobi walianzia katika soko lililoitwa Indian Bazaar. Mwaka 1902 tauni ilizuka humo. Aliyeitambua ni Rosendo Ribeiro, daktari Mgoa aliyejulikana kwa kuwatembelea wagonjwa wake akiwa amepanda punda milia. Wakuu wa serikali waliamuru soko lichomwe moto. Mabaki ya historia hiyo ni mtaa wa maduka ya vitambaa ambao baada ya uhuru ulipewa jina la Biashara Street.

Tauni hiyo na nyingine zilizofuata ziliwapa walowezi hoja waliyokuwa wakiitafuta. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson, mtaalamu wa afya aliyetumwa kutoka Uingereza, alipendekeza kwamba kila rangi itengewe eneo lake la kuishi. Alibhai Mulla Jeevanjee, tajiri aliyelipa jiji bustani inayobeba jina lake hadi leo, alikuwa miongoni mwa waliopinga ubaguzi huo kwa sauti kubwa. Waraka wa Devonshire wa 1923 uliondoa utengano wa makazi mijini kama sera rasmi, lakini hila ilipatikana: hati za viwanja ziliandikwa masharti yaliyomkataza asiye Mzungu kununua au kupanga katika maeneo fulani. Milima ya Wazungu ilikuwa imefungwa kabisa. Kwa hiyo Mhindi mwenye fedha hakuwa na mahali pa kuziweka ila katika kiwanja cha Ngara, Parklands ya chini au Eastleigh, uliokuwa mtaa kamili tangu 1921.

Pangani ina historia yenye uchungu zaidi. Kabla ya kuwa ya Wahindi, ilikuwa kijiji cha Waafrika, wengi wao Waislamu waliozungumza Kiswahili na kumiliki nyumba walizokuwa wakizipangisha. Serikali ya jiji iliamua kijiji kiondoke, na kufikia 1939 nyumba za mwisho zilikuwa zimebomolewa, wenyeji wakihamishiwa Shauri Moyo na Pumwani. Nyumba za mawe za Waasia zikainuka mahali pale. Wanaozililia nyumba hizo leo wakumbuke kwamba nazo zilisimama juu ya misingi ya watu wengine.

Maisha ndani ya mitaa hiyo yalikuwa na utaratibu wake. Nyumba ya Ngara haikujengwa kwa mume na mke pekee. Baba aliijenga akiwafikiria wanawe na wake zao: duka upande wa barabara, vyumba vingi vimezunguka ua mmoja, jiko moja. Wasikh walikuwa na gurudwara, Wahindu mahekalu, Waislamu misikiti, Wagoa kanisa na vilabu vyao. Vilabu hivyo vilitengana si kwa dini tu bali kwa tabaka, hata Wagoa washonaji wakawa na chama chao na makarani chao. Watoto wa kiume walisoma Duke of Gloucester, ambayo sasa ni Shule ya Upili ya Jamhuri, na wasichana walisoma Duchess of Gloucester, inayojulikana leo kama Pangani Girls. Jioni kulikuwa na sinema ya Shan, Ngara, na wenye magari walikwenda kutazama filamu wakiwa ndani ya magari yao katika uwanja wa Fox, kando ya barabara ya Thika.

Kulikuwa pia na mpira wa magongo. Timu ya taifa iliyokwenda Olimpiki ya 1960, na zile za 1964, 1968 na 1972 zilizoongozwa na Avtar Singh Sohal, zilijaa Wasikh na Wagoa waliokulia katika mitaa hii na vilabu vyake. Mwaka 1971 Kenya ilimaliza ya nne katika Kombe la Dunia mjini Barcelona. Haijawahi kufika hapo tena, na sababu yake si fumbo: shule na vilabu vilivyowalea wachezaji vilipoteza watoto.

Walikwendaje? Hapo inafaa kuutazama mji mwingine. New York ina mtaa uitwao Little Italy ambao mwaka 1950 karibu nusu ya wakazi wake walikuwa wenye asili ya Kiitalia. Kufikia mwanzo wa karne hii walikuwa wamebaki kama asilimia tano hivi, na maduka ya Wachina yamejaa pande zote. Waitalia hawakufukuzwa na mtu. Walipata fedha, wakanunua nyumba zenye bustani nje ya mji, wakabaki kurudi siku za sikukuu kula tambi.

Waasia wa Nairobi waliondoka kwa tarehe iliyowekwa. Kenya ilipopata uhuru Desemba 12, 1963, Mwasia aliyezaliwa nchini, na ambaye mzazi wake mmoja naye alizaliwa nchini, alikuwa raia moja kwa moja. Wengine walipewa miaka miwili waombe uraia. Wengi walisita wakabaki na pasipoti za Uingereza. Kusita huko kumelaumiwa sana, na si bila sababu. Lakini katika nyumba moja ya Ngara baba angeweza kuwa raia wa Uingereza, mama wa India na watoto wa Kenya, na uamuzi wa mmoja ungewatenganisha wote.

Mwaka 1967 zilipitishwa sheria mbili. Moja ilimtaka asiye raia awe na kibali cha kazi. Nyingine, ya leseni za biashara, ilimzuia kufanya biashara nje ya maeneo yaliyotajwa na kuuza bidhaa kadhaa za kila siku. Wa kwanza kuumia walikuwa wenye maduka katika vituo vidogo vya mashambani. Serikali, kwa upande wake, ilikuwa na hoja nzito: Mwafrika alikuwa amezuiwa kwa miongo mingi asikopeshwe wala kuuza jumla, na uhuru usiomfungulia duka ungekuwa na maana gani? Mikopo ya shirika la ICDC iliwasaidia Waafrika wengi kununua maduka hayohayo.

Huko London, Bunge lilipitisha kwa siku chache sheria iliyoanza kutumika Machi 1, 1968, ikiwafungia mlango wenye pasipoti za Uingereza ambao wao, wazazi wao au babu zao hawakuzaliwa huko. Vibali vya kuingia viliwekewa kikomo cha 1,500 kwa mwaka kwa wakuu wa familia. Majuma ya mwisho ya Februari ndege zilijaa. Waliokosa nafasi walibaki Nairobi bila leseni ya kuuza na bila nchi ya kwenda, wakingoja zamu kwa miaka. Waliopita walijipanga upya Leicester, Southall na Wembley.

Wimbi la pili lilifuata jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, wakati maduka na nyumba za Waasia zilipovamiwa na kuporwa. Waliokuwa na uwezo na bado waliishi Ngara na Pangani walihamia Parklands ya juu na Westlands, nyuma ya malango na walinzi.

Nyumba walizoziacha hazikukaa tupu. Ua uliojengewa familia moja ya watu kumi na watano uligawanywa, kila chumba mpangaji wake, na choo kimoja kikahudumia wote. Eastleigh ilipata wakazi Wasomali zaidi baada ya serikali ya Somalia kuanguka 1991. Nyumba ya wageni ya Garissa Lodge ikageuzwa maduka, na leo mtaa huo ni mojawapo ya masoko makubwa ya Afrika Mashariki. Sinema ya Shan ikawa ukumbi wa wanasarakasi. Kando ya Park Road, Ngara, serikali imejenga nyumba 1,370 za bei nafuu.

Jamii yenyewe haijatoweka. Hekalu la Swaminarayan, lenye nakshi za mawe na mbao zilizochongwa India, lilifunguliwa mwaka 1999 kando ya barabara ya Forest, siku hizi Profesa Wangari Maathai, na waumini hufika kwa magari kutoka mitaa mingine. Mwaka 2000 Makavazi ya Taifa yalifanya maonyesho kuhusu urithi wa Waasia Waafrika yaliyoandaliwa na Sultan Somjee. Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee, alikuwa mstari wa mbele mwaka 1991 kuiokoa bustani ya babu yake isijengwe jumba la biashara. Julai 2017 serikali iliitangaza jamii hiyo kuwa kabila la 44 la Kenya, na sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya wenye asili ya Kiasia 47,555.

Wachache mno kati yao wanalala Ngara. Nyumba za zamani hazilindwi kwa pamoja na sheria yoyote ya turathi, na kwa kuwa kiwanja kando ya barabara ya Thika sasa kina thamani kuliko jengo lililomo, zinabomolewa moja moja kupisha ghorofa. Jiwe lenye mwaka wa ujenzi kwa kawaida huondoka na kifusi.