Maji na Vivuko vya Ukambani

Mto Athi huanza karibu na Nairobi, ukateremka kusini-mashariki, ukawa mpaka baina ya Kitui na Makueni, hata ukafika baharini karibu na Malindi kwa jina la Sabaki. Aonaye ramani atadhani nchi yenye mto kama huo haijui kiu. Walakini mito mingi ya Ukambani ni ya msimu: mvua ikinyesha huja kwa kishindo na kukata njia, baada ya siku chache hubaki mchanga mtupu. Basi watu wa huko wana taabu mbili za asili moja: maji yakiwapo hawawezi kuvuka, na wakiweza kuvuka maji hayapo.

Mwaka 1961 taabu hizi zilikutana. Ukame uliharibu mavuno, kisha mafuriko yakakata barabara, hata ikalazimu chakula cha msaada kiangushwe na ndege. Kwa sababu hiyo Wakamba huiita njaa ile Yua ya Ndeke, yaani njaa ya ndege.

Dawa moja ilikwisha kujulikana. Katika miaka ya 1950 yalijengwa mabwawa ya mchanga. Ukuta wa mawe na saruji hukingamishwa mtoni juu ya mwamba. Mafuriko huleta mchanga, nao hujaa nyuma ya ukuta na kushika maji ndani yake, mbali na jua kali. Wakati wa kiangazi watu huchimba kidogo tu wakapata maji. Kazi hii yafaa sana mwethya, yaani vikundi vya jirani wanaosaidiana. Tena ukuta huo ukijengwa pale barabara ikatapo kijito, na juu yake ukatandazwa saruji, huwa kivuko na ghala la maji pamoja. Vivuko vya namna hiyo vimejengwa Kitui na Makueni.

Lakini mto mkubwa haushindwi na mwethya. Mahali Thwake inapoungana na Athi, serikali iliazimia kujenga bwawa lenye kimo cha mita 80 hivi, la kuweka maji zaidi ya mita za ujazo milioni 600, kwa kunywa, kumwagilia mashamba na kufua umeme. Benki ya Maendeleo ya Afrika ilikubali kulisaidia mwaka 2013; ujenzi ukaanza mwaka 2018. Ilitarajiwa kazi iishe mwaka 2022. Mwaka ule ukapita, na kufikia 2024 bwawa lilikuwa halijakamilika.

Je, tuilaumu serikali kwa kila siku iliyopita? Haki yataka tupime. Bwawa kubwa halijengwi kwa haraka: wenye mashamba lazima walipwe fidia kabla ya kuhama, na uchafu unaotoka Nairobi kwa mto Athi lazima utafutiwe dawa kabla maji hayajanywewa. Hata hivyo, mwenye kupanga hungoja ofisini, na mwenye kiu hungoja njiani, mtungi mgongoni.

Tarehe 4 Desemba 2021 palionekana gharama ya kungoja. Katika mto Enziu, karibu na Mwingi, basi lililochukua wanakwaya waendao harusini liliingia kivuko cha chini kilichofunikwa na mafuriko. Mto ukalizamisha, na watu zaidi ya 30 wakafa. Baada ya msiba huo ndipo kazi ya kujenga daraja la juu ilipoanza.

Tunajifunza nini? Vijito ni kazi ya wanakijiji, nao wameonyesha kwamba wanaiweza. Mito mikubwa ni kazi ya serikali, maana hakuna kijiji kiwezacho kuijengea bwawa wala daraja. Kila mmoja akitimiza fungu lake kwa wakati, Ukambani itapata maji na njia. Mmoja akichelewa, mvua haimngojei.