Tiba ya Dharura na Mwanzo wa Kipimo Chake

Ihumwa ni kata ya upande wa mashariki wa jiji la Dodoma. Barabara kuu iendayo Morogoro na Dar es Salaam hupita hapo, na Reli ya Kati, iliyofika Dodoma mwaka 1910 wakati wa utawala wa Wajerumani, hupita hapo pia. Jirani yake, huko Mtumba, umejengwa Mji wa Serikali. Na tangu mwaka 2024 treni ya umeme huleta abiria kutoka pwani kwa saa chache. Hivyo mahali palipokuwa pa wakulima wa mtama na wafugaji wa Kigogo pamekuwa njia ya watu wengi wenye haraka, na penye haraka ajali si mgeni. Swali la insha hii latoka hapo. Mtu akiumia Ihumwa akapelekwa hospitali, twajuaje kwamba alitibiwa vyema? Twajua kwa kipimo gani, na kipimo hicho huanzia wapi?

Swali hili si geni katika reli hiyo. Asubuhi ya tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria iliyotoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, yenye watu zaidi ya 1,200, ilipatwa na hitilafu karibu na Igandu, kabla haijafika Ihumwa. Ilirudi nyuma mteremkoni pasipo kushikika, ikagonga treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Majeruhi walipelekwa hospitali Dodoma, na maiti zililazwa mjini humo ili jamaa waje kuwatambua watu wao.

Idadi hiyo ya 281 imebaki katika kumbukumbu ya taifa, na ni haki ibaki. Lakini mwanafunzi wa historia hana budi kuiuliza idadi yoyote imehesabu nini. Hii yaeleza ukubwa wa msiba, wala haielezi tiba. Wako waliokufa papo hapo, ambao hapana tabibu awezaye kuwarudisha. Wako waliokufa katika ajali za namna hii wakiwa bado wamebanwa na vyuma. Wako wanaokufa njiani. Wako wanaokufa wamefika mlangoni pa hospitali. Kila kundi lina somo lake. Hesabu moja huyafunika makundi yote, na masomo yote hufunikwa pamoja nayo.

Kupima tiba kwa hesabu ni jambo lenye historia yake, na historia hiyo yatufaa. Mwaka 1854 Florence Nightingale, muuguzi wa Kiingereza, alikwenda Scutari, Uturuki, kuwauguza askari wa vita vya Krimea. Jeshi lilikuwa na desturi ya kuhesabu waliouawa vitani. Hesabu zilizofanywa baadaye zilionyesha kwamba wengi wa waliokufa hawakuuawa na risasi, bali na maradhi waliyoyapata katika kambi na hospitali zenye uchafu. Mwaka 1855 mifereji ya uchafu ilisafishwa, na vifo vikapungua sana. Mwaka 1858 bibi huyo alichapisha mchoro ulioonyesha vifo hivyo mwezi kwa mwezi, ili wakubwa wasiopenda kusoma tarakimu waone kwa macho. Alilofanya, kwa maneno machache, ni kuihamisha hesabu kutoka uwanja wa vita kuipeleka kitandani pa mgonjwa.

Baada yake alitokea Ernest Codman, daktari wa upasuaji wa mji wa Boston, Marekani. Yeye alisema kwamba hospitali haipaswi kujisifu kwa idadi ya waliotoka wakitembea; sharti imfuate kila mgonjwa mwaka mmoja baadaye, imwone kama amepona, na kama hakupona iulize kwa nini. Wenzake hawakulipenda neno hilo. Codman alifungua hospitali yake ndogo, na kati ya mwaka 1911 na 1916 aliandika habari za wagonjwa 337, akakiri kwa maandishi makosa 123 yaliyotendeka katika kuwatibu. Kisha akayachapisha. Ni vigumu kutaja mfano mkubwa kuliko huo wa mtu aliyejipima mwenyewe mbele ya watu. Naye aliihamisha hesabu: aliitoa siku ya kuruhusiwa mgonjwa, akaipeleka mwaka mzima mbele.

Mwaka 1966 Avedis Donabedian, mzaliwa wa Beirut aliyefundisha Marekani, aliyapanga mawazo haya katika mafungu matatu ambayo hata leo hutumika: vyombo, yaani majengo, watu na vifaa, matendo, yaani yale anayotendewa mgonjwa, na matokeo, yaani hali ya mgonjwa mwishoni. Mpango huu ni mwepesi kueleza na mgumu kutimiza, kwa maana vyombo huhesabika kwa siku moja, matendo hutaka mtu wa kuandika kila saa, na matokeo hutaka subira na ukweli.

Ugumu huo ulionekana Uingereza. Mwaka 2000 serikali ya huko ilitangaza kwamba ifikapo mwaka 2004 mgonjwa wa dharura asikae zaidi ya saa 4 tangu kufika kwake hadi kulazwa, kuhamishwa au kuruhusiwa. Amri hiyo ilileta faida, kwani watu waliokuwa wakingoja muda mrefu walipungua sana. Hata hivyo wachunguzi waliona wagonjwa wengi ajabu wakiondolewa katika dakika za mwisho za saa ya nne, na magari ya wagonjwa yakingoja nje na wagonjwa ndani yake, kwa kuwa saa haikuanza kuhesabiwa mpaka wapokewe. Mkulima wa Dodoma hahitaji kufafanuliwa kisa hicho. Anaijua lumbesa: gunia lahesabiwa moja, na kile kilichoshonewa juu ya mdomo wa gunia hakimo katika hesabu, ingawa jasho lililokilima ni jasho lilelile.

Tukirudi kwetu, safari yetu katika jambo hili ni fupi lakini si ya kudharauliwa. Majeruhi wa Igandu walipookolewa mwaka 2002, nchi yetu ilikuwa haijapata hata daktari bingwa mmoja wa tiba ya dharura aliyefunzwa hapa nchini. Mgonjwa wa namna hiyo alifikishwa mapokezi, akaonwa na yeyote aliyekuwa zamu. Januari 2010 ilifunguliwa idara kamili ya tiba ya dharura katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, ya kwanza ya namna yake katika hospitali za umma. Mwaka huohuo mafunzo ya mabingwa wa fani hiyo yalianza hapo Muhimbili, na wa kwanza walihitimu mwaka 2013. Mwaka 2015 Dodoma ilipata Hospitali ya Benjamin Mkapa. Mwaka 2021 sehemu ya fedha za mkopo wa kupambana na UVIKO-19 ilitengwa kwa kujenga majengo ya dharura katika hospitali za mikoa na wilaya. Katika fungu la vyombo, basi, tumepiga hatua iliyo wazi kwa kila mwenye macho.

Tumejaribu kupima pia. Mwaka wa 2015/16 Serikali ilianza kuvipa nyota zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya, kuanzia nyota sifuri hadi nyota 5. Kiasi cha thuluthi moja havikupata hata nyota moja. Habari hiyo haikufichwa, nayo ilifaa, kwani katika duru ya pili, mwaka wa 2017/18, visivyo na nyota vilikuwa vichache mno. Lakini nyota ni sifa ya nyumba nzima. Haisemi mtu fulani aliyeletwa usiku fulani, damu ikimtoka, alipatwa na nini.

Kwa majeruhi wa barabarani karatasi mashuhuri kuliko zote ni fomu ya polisi namba 3, ambayo watu wote huiita PF3. Kazi yake ni ya haki: huihifadhi habari ya jeraha kwa ajili ya mahakama. Lakini kwa miaka mingi watu wameiona kuwa ndiyo ufunguo wa mlango wa hospitali, hata viongozi wa afya wamelazimika kukariri kwamba majeruhi atibiwe kwanza na fomu ifuate. Dakika zilizopotea katika kuitafuta fomu hiyo hazimo katika fomu yenyewe.

Hapa naomba ruhusa ya msomaji nieleze jambo dogo nililolishuhudia. Mtoto wa jirani yangu aligongwa na pikipiki kando ya barabara ya Ihumwa, akavunjika mguu. Nilifuatana na bibi yake hadi katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Karani aliuliza ajali ilitokea saa ngapi. Bibi akajibu, "Saa kumi na mbili, mwanangu, jua lilikuwa linatua." Karani aliandika 12:00. Chini yake aliandika saa ya kufika kwa kuitazama saa ya ukutani: 19:10. Sisi tulitumia saa moja na dakika kumi. Karatasi ilisema saa saba na dakika kumi, kana kwamba mtoto alilala njiani tangu adhuhuri na watu wazima wakimtazama. Nilimwambia, "Ndugu yangu, bibi amehesabu kwa Kiswahili, nawe umeandika kwa Kiingereza." Alicheka, akasahihisha. Mtoto alipona, na siku hizi anakimbia. Lakini nilijiuliza ni karatasi ngapi zimekwenda makabatini pasipo mtu wa kuzichungulia, na ni hesabu gani za kitaalamu zitakazojengwa juu yake.

Wanafunzi wa Kiswahili wasidhani kuwa hilo ni jambo la madaktari peke yao. Aghalabu faili la mgonjwa nchini huandikwa kwa Kiingereza, na shahidi wa ajali husema Kiswahili au Kigogo. Saa zetu zaanza jua linapochomoza, zao zaanza usiku wa manane. Tofauti ni saa sita, na katika tiba ya dharura saa sita zaweza kuwa uhai mzima. Kipimo hakiwi cha kweli kikipuuza lugha ya aliyeona.

Tumeona kwamba maendeleo ya kupima tiba yalitokea kila mara mtu alipothubutu kuhamisha mwanzo au mwisho wa hesabu. Nightingale aliihamisha, na Codman aliihamisha. Uingereza iliuweka mwanzo mlangoni, ikaona foleni ikikua nje ya mlango. Sisi tulio kando ya barabara na reli ndefu, ambao hospitali ya uhakika aghalabu iko mbali na tulipoumia, hatuwezi kuazima mwanzo wa mlangoni. Mwanzo wetu ni pale mtu alipoangukia. Karatasi ya majeruhi wa Ihumwa yapasa iseme saa aliyoumia, kwa maneno ya aliyeona na kwa saa isiyo na utata, saa aliyofika, saa aliyoguswa na mkono wa tabibu, na hali yake baada ya mwezi na baada ya mwaka. Aliyekufa kabla ya kufika naye awe na karatasi yake, kwa kuwa yeye ndiye hasa aliyekosa tiba.

Mambo hayo hayadai mashine wala mkopo. Yadai kalamu, saa, na moyo wa kuandika lililotukia hata likitutia aibu. Watu 281 wa mwaka 2002 hawatarudi. Deni tulilo nalo kwao ni kwamba siku nyingine, Mungu apishe mbali, tukihesabu tena wafu wetu katika nyanda hizi, tuweze kusema pia ni nani kati yao angaliweza kuishi, na alikufia wapi akingoja.