Masale

Mgeni akifika Marangu au Machame, huko Kilimanjaro, huona ua wa kijani kati ya kihamba (shamba la nyumbani la Wachaga) na kihamba, akadhani ni pambo tu. Wachaga huuita mmea huo isale. Kiswahili kimeshika wingi wake, masale. Kitaalamu ni Dracaena fragrans, jina linalosifu maua yake meupe yanayonukia hasa usiku. Kata kipande cha shina, kichomeke ardhini, kitachipua. Ndiyo maana mipaka hupandwa masale. Na jani lake likifungwa fundo na kupelekwa kwa uliyemkosea, hilo ni ombi la msamaha, kulikataa ni jambo zito. Ulaya mmea huu wanauweka sebuleni kwenye chungu, pasipo kesi ya mpaka wala jirani wa kuombwa radhi.