Statini kisha operesheni ya moyo: swali ni "wakati gani?"

Mutu mwenye alipasuliwa moyo anarudi kwake na kinini za statini, za kushusha kolesteroli. Siku misuli inaanza kuuma, jirani anamuambia: "Acha ile sumu!" Je, jirani iko na haki? Tuulize historia.

Mwaka 1967, ku Cleveland, Marekani, René Favaloro, munganga wa Argentina, alichukua mushipa wa mguu na kuushona ku moyo, damu ipite pembeni ya mushipa wenye ulizibika. Njia ilifunguka. Lakini mafuta yenye iliziba mushipa wa kwanza, inaweza kuziba na ule mupya pia.

Upande wa Japani, Akira Endo alipima kuvu aina karibu 6,000. Mwaka 1973 akapata statini ya kwanza. Mwaka 1987 Marekani iliruhusu lovastatini iuzwe.

Faida ilionekana. Mwaka 1994, utafiti wa Skandinavia ulitoka: wagonjwa wa moyo 4,444, miaka mitano na zaidi. Wenye walikunywa kinini tupu, walikufa 12 kwa 100. Wenye simvastatini, 8. Mwaka 1997, kwa watu 1,351 wenye walishapasuliwa, dozi kali iliacha mishipa ya kupandikizwa 27 kwa 100 izidi kuharibika; dozi ndogo, 39.

Hatari nayo ni ya kweli. Mwaka 2001 Bayer iliondoa serivastatini ku soko: ilikuwa inavunja misuli, na watu walikufa. Mwaka 2016, utafiti wa Uchina kwa wagonjwa 1,922 ulionyesha kama kuanza rosuvastatini siku za operesheni yenyewe haikuzuia moyo kupiga ovyo. Tena figo ziliumia zaidi.

Njo maana jibu haliko "dawa muzuri" ao "sumu". Statini hailindi moyo mu siku chache za kisu; inalinda mishipa mu miaka yenye inafuata. Mwenye anaiacha peke yake kwa sababu ya maumivu anapoteza ile miaka. Mwenye anavumilia na kunyamaza, naye anajiweka mu hatari.

Misuli ikiuma, umuambie munganga: anaweza kupunguza dozi ao kubadilisha kinini. Mukojo ukikuwa mweusi kama chai, usingoje kesho. Na jirani? Umupe salamu, lakini asikuandikie dawa.