Dawa ya Saratani na Hongo ya Njiani (Sehemu ya 3)

Wengi mnaniuliza: "Nesi, uvimbe uko kwenye titi, mbona dawa inamnyonyoa mgonjwa nywele?"

Jibu liko kwenye historia, na sisi watu wa Tabora tutalielewa haraka. Babu zetu walibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo, mpagazi mmoja karibu frasila mbili. Njiani, hasa Ugogo, msafara ulilipa hongo kwa watemi, mali ikawa inapungua kabla ya kufika.

Dawa ya saratani nayo hulipa hongo. Ikiingia kwenye mshipa inazunguka mwili mzima: inagusa mizizi ya nywele, uboho, utumbo. Ile nyekundu, doksorubisini, inagusa hadi moyo.

Hata hivyo dawa hizi zimeokoa watu, tena jirani kabisa. Mwaka 1958 Dkt. Denis Burkitt wa Mulago, Kampala, aliandika kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto. Baadaye watoto wakapewa methotreksati na saiklofosfamidi, uvimbe ukayeyuka, na baadhi yao wakapona kabisa. Mwaka 1967 kikafunguliwa pale kituo cha tiba, leo ni Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Likabaki swali: mzigo ufikeje bila kulipa hongo? Mwaka 1995 Marekani iliruhusu doksorubisini iliyofungwa kwenye vifuko vidogo vya mafuta, kwa wagonjwa wa Kaposi. Moyo ukapata nafuu. Lakini kifuko kile hakina namna ya kujua kuwa kimefika.

Hapo ndipo asidi inapoingia. Miaka ya 1920, Otto Warburg wa Ujerumani aliona seli za saratani zinakula sukari kwa pupa na kutoa asidi ya laktiki nyingi, hata oksijeni ikiwepo. Damu ina pH 7.4. Kwenye uvimbe inaweza kushuka hadi karibu 6.5, na ndani ya vifuko vya seli hadi 5. Basi wanasayansi wanatengeneza chembe za polima, ndogo mamia ya mara kuliko unene wa unywele. Kamba inayoshika dawa inakaza kwenye damu, inakatika kwenye asidi. Yaani mzigo unafunguliwa sokoni, sio njiani.

Sasa nisikilizeni vizuri. Chembe hizi za asidi bado ziko maabara na kwenye majaribio. Anayekuuzia "dawa ya nano" mnadani anakuibia. Na asidi hii inatengenezwa na uvimbe wenyewe, haitokani na limau. Kunywa magadi hakuiondoi, maana mapafu na figo ndizo zinazopanga pH ya damu yako.

Tiba tuliyonayo Bugando na Ocean Road inalipa hongo, ni kweli, lakini inafika. Nywele zitaota tena. Mama, dada, ukigusa uvimbe kwenye titi usisubiri uume. Njoo upimwe wiki hii.

Sehemu ya 4: kwa nini tunavaa glavu tukishika dawa hizi.