Safu ya Lugha: Rojo hupaushwa, halichubuliwi

Nimekutana na sentensi isemayo kuwa karatasi nyeupe hutokana na "mbao zilizochubuliwa kwa kemikali". Hapana, jamani. Kuchubua ni kutoa ngozi ya juu: ukianguka, goti linachubuka, ndiyo maana wapakao mkorogo tunasema wanajichubua. Kiwandani, kinachokaribia kuchubuliwa ni gogo la mkaratusi linapotolewa magome, na hata hapo neno lake ni kuambua.

Rojo, yaani uji wa nyuzi za mti unaotengenezewa karatasi, ni jambo jingine. Vipande vya mkaratusi vikishapikwa kwa dawa hutoa nyuzi fupi, kama milimita 1 hivi, zenye rangi ya kahawia ya mfuko wa saruji. Rangi hiyo ni mabaki ya lignini, gundi ya asili ya mti, nayo huondolewa hatua kwa hatua kwa oksijeni, klorini dioksidi na hidrojeni peroksidi. Kazi hiyo ndiyo kupausha. Neno limetoka kwenye pauka, lile la ngozi isiyopakwa mafuta asubuhi ya baridi: rangi imetoweka, ngozi ipo palepale. Ndivyo nyuzi zinavyotakiwa ziwe, nyeupe lakini nzima. Kuchujuka tuiachie kanga iliyopigwa jua na kufuliwa mno, hasara ambayo hakuna aliyeitaka. Kung'arisha ni kwa sufuria na viatu. Na kusafisha? Rojo huoshwa kwa maji mengi kabla hata halijapaushwa, na likishaoshwa hubaki la kahawia vilevile.